Pindo Tuweke Kitambaa Gani?

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeanza kuuliza kulikoni. Niko salama. Nilikuwa nimeshikwa na swali moja la fundi cherehani, na mpaka kulipatia jibu imebidi nisome vitabu, nisafiri hadi Tanga, na nikae barazani na shangazi yangu karibu nusu siku kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Leo nawapa kisa chote. Kaeni vizuri.

Bibi yetu mzaa baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Kanga zake nzuri waligawiana wanawake wa ukoo baada ya arobaini. Zikabaki zile kuukuu: zilizopauka, zilizotoboka, za jikoni na za kubebea wajukuu. Hakuna aliyezitaka, nikaziomba mimi. Nilikuwa nimeona picha za kwilti, yale mablanketi ya Marekani yanayoshonwa kwa viraka (kamusi zetu zina neno mfarishi, ila litaje Kariakoo uone watakavyokutazama). Nikasema moyoni, kanga hizi nitazikata viraka, niviunganishe, nimpate bibi yangu katika shuka moja.

Siku tuliyofungua sanduku lake, chini kabisa ya kanga zote nilikuta kitambaa cheusi. Hakikuwa na ua wala maneno, na kwenye mikunjo rangi ilikuwa imekwisha. Kaniki. Kabla sijaikunjua, shangazi aliichukua mikononi mwangu.

"Hii hapana, mwanangu."

Akairudisha, akafunga sanduku. Shangazi yangu akisema hapana kwa sauti ile, huulizi.

Basi nikarudi Dar na kanga 19. Nina fundi wangu Kariakoo, mtu mzima mwenye subira. Alikata viraka vya mraba, tukavipanga sakafuni na kuvihamishahamisha kama kete za bao mpaka rangi zikapatana, akaviunga. Halafu akaniuliza lile swali: "Sasa dada, pindo tunaweka kitambaa gani?"

Kusema kweli sikuwa nimelifikiria. Kwangu pindo lilikuwa kitu cha kumalizia tu. Fundi akanipa somo. Bila pindo, alisema, macho hayana pa kusimama, yanateleza mpaka nje. Tena viraka vya pembeni ndivyo vitakavyoshikwa na kuvutwa kila siku, kwa hiyo ndivyo vitakavyofumuka kwanza. Kazi yote inabebwa na pindo. Na si kila kitambaa kinafaa. Ukizungushia kanga kuukuu kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa, siku ya kwanza ya kufua kitanywea, kitavuta viraka, na shuka lote litakunjamana. Alinionyesha satini nyeusi, akanionyesha kitenge kipya chekundu, halafu akasema kwamba tunaweza pia kukata mapindo ya kanga zenyewe, tuyaunge yawe marefu.

Nikamwomba wiki moja nifikirie. Akacheka. "Dada, ni kitambaa tu!"

Hapo ndipo ugonjwa wangu wa uandishi ulipoamka. Ni kitambaa tu? Kanga kila mtu anajua ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulioko katikati, na jina, yaani yale maneno. Tunayoyajadili siku zote ni maneno. Nani kavaa kanga gani kumsema nani, mke mwenza kajibu nini. Lakini pindo je? Lilitoka wapi? Kwa nini kitenge kinaweza kukaa bila pindo, na kanga bila pindo si kanga? Nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza nililokuta lilinifanya nicheke peke yangu. Kanga ilianza kama viraka!

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwa wakija Zanzibar na Mombasa wafanyabiashara na vitambaa vya mraba vya rangi, leso za mkononi, vilivyochapwa mfululizo katika jora moja. Neno leso lenyewe ni la Kireno, lenço, na mpaka leo watu wa Mombasa wakisema leso wanamaanisha kanga. Kawaida muuzaji alikata moja moja. Wanawake wa mjini wakabuni lao. Walinunua leso 6 bila kuzikata moja moja, wakagawa vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakaviunga kwa urefu. Likapatikana vazi la kujifunga, leso tatu juu na tatu chini. Fikiria vazi hilo lilivyoonekana. Kila leso ilikuja na ukingo wake, kwa hiyo ilikuwa miraba sita iliyoshonwa pamoja, kila mmoja na mpaka wake. Kwilti hiyo, isipokuwa haikutiwa pamba ndani.

Wafanyabiashara si wajinga. Walipoona wanawake wanajishonea wenyewe, wakaagiza kitambaa kimoja kizima cha ukubwa ule ule, kilichochapwa kwa pamoja. Mishono ikatoweka na mipaka ya ndani ikaondoka. Kilichobaki ni ukingo mmoja mpana unaozunguka kitambaa chote, na katikati pakawa wazi kwa michoro. Inasemekana michoro ya mwanzo ilikuwa madoa meupe juu ya rangi nzito, yakawakumbusha watu ndege kanga, na jina likashika. Maneno yalikuja baadaye. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliyeanza kuweka maneno, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazotumia sasa.

Kwa hiyo pindo ni kubwa kiumri kuliko maneno! Sisi tunaosoma jina tu tunasoma mstari wa mwisho wa barua.

Naomba mnivumilie, maana hapa kisa kinabadilika rangi.

Kabla ya leso na kanga, mwanamke wa kawaida wa pwani alivaa nini? Alivaa merikani, na alivaa kaniki. Merikani ni pamba nyeupe isiyotiwa rangi, na jina lake linasema ilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walianza kufika Zanzibar katika miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, alifungua ofisi Unguja. Waliondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, wakaleta kitambaa. Merikani ikaenea mpaka bara, ikatumika kama fedha. Misafara ilibeba marobota yake, na ushuru wa machifu ulilipwa kwa mikono ya kitambaa. Kaniki nayo ilikuwa pamba iliyotiwa nili mpaka ikawa buluu nzito au nyeusi. Haikuonyesha uchafu na bei yake ilikuwa ndogo.

Hivi ndivyo vitambaa walivyovaa watumwa. Mwanamke mtumwa wa Unguja au wa mrima alijifunga kipande kimoja chini ya makwapa, kichwa wazi, miguu mitupu. Mavazi yalikuwa cheti. Ukimwona mtu unajua ni nani na ni wa nani. Na tazama vitambaa hivyo viwili: merikani haina pindo, kaniki haina pindo. Ni kitambaa kilichokatwa kwenye jora, basi. Aliyekivaa hakuulizwa anapenda kipi.

Sasa unganisha na kanga. Biashara ya watumwa ya baharini ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria huko mwaka 1897. Kwetu Tanganyika ulisubiri mpaka mwaka 1922. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, anaeleza kwamba moja ya mambo waliyoyafanya wanawake walioachwa huru Zanzibar ni kuacha mavazi ya utumwa na kununua kanga. Kanga huuzwa doti, yaani mbili kwa pamoja, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Maana yake mwanamke aliyekuwa akitembea kichwa wazi sasa alijifunika kama waungwana. Alichagua rangi, akachagua pindo. Hakuna hakimu aliyempa karatasi yenye nguvu kama ile doti yake ya kwanza.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nikakumbuka mkono wa shangazi ukiichukua ile kaniki.

Kabla sijawapeleka Tanga, tuvuke bahari mara moja, kwa sababu merikani imetuachia deni. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ililimwa wapi? Ililimwa kusini mwa Marekani, na waliolima walikuwa watumwa, watu wenye asili ya Afrika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 pamba ikaadimika, merikani ikapanda bei Zanzibar, na baadaye viwanda vya Bombay vikapata nafasi ya kujaza soko letu. Yaani mtumwa wa Alabama alichuma pamba, na mtumwa wa Unguja akaivaa. Hawakujuana, lakini uzi ulikuwa mmoja.

Huko Alabama, kwenye kona ya mto, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend. Lilikuwa shamba la pamba, na watu wengi wa pale hadi leo wanaitwa Pettway, jina la aliyewamiliki mababu zao. Wanawake wa kijiji hicho walishona kwilti kwa nguo za kazi zilizochakaa, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi na hela haikuwepo. Mwaka 1942 mwanamke mmoja, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, akachukua nguo za kazi za marehemu akazishona kwilti ili ajifunike nazo. Mwaka 2002 kwilti za Gee's Bend zilitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha New York, na wataalamu wakazisifu kama michoro ya wasanii wakubwa.

Mtindo mmoja unaopendwa sana pale unaitwa Housetop. Unaanza na kiraka kimoja katikati, unakizungushia vipande virefu pande zote nne, unazungushia tena, na tena, mpaka shuka linaenea. Kwa maneno mengine ni pindo juu ya pindo, mwanzo mpaka mwisho. Nikaangalia picha zake usiku kucha. Wajukuu wa waliolima pamba isiyo na pindo wamejaza shuka zima kwa mapindo.

Basi nikapanda basi la Tanga.

Shangazi nilimkuta barazani akichambua mchele. Shikamoo, marahaba, habari za Dar, habari za kazi, umekonda, unakula kweli? Tulizungumza bei ya nazi. Tulizungumza harusi ya mtoto wa jirani. Chai ikaja na mkate wa kumimina. Mimi mwandishi wa habari, ninayewauliza waheshimiwa maswali magumu mbele ya kamera, nilishindwa kumuuliza shangazi yangu swali moja.

Mwishoni nikamwambia habari za fundi. Nikasema fundi anataka kujua pindo liwe kitambaa gani, nami nimesoma historia ya kanga, na nikamsimulia nusu ya haya niliyowaandikia hapa. Nilipofika kwenye merikani na kaniki nikapunguza sauti. Yeye aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema bila kunitazama:

"Ile ilikuwa ya bibi yake bibi yako. Alikuwa mtu wa shamba. Pangani, kwenye miwa."

Wasomaji wangu wa pwani mnajua uzito wa maneno hayo. Pangani katika karne ya 19 ilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. "Mtu wa shamba" ni namna ya kusema bila kusema. Katika ukoo wetu tumekuzwa na hadithi za mababu mabaharia na mababu wenye elimu ya dini. Huyu bibi hakuwahi kutajwa hata katika dua.

Shangazi akaendelea. Bibi yangu alipoolewa alipewa kisutu, kama bibi harusi yeyote wa zamani, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Usiku huo huo mama yake akampa na kaniki, akamwambia: hii ya kwanza vaa, hii ya pili tunza. Hakumwambia zaidi. Bibi aliitunza miaka zaidi ya 60, chini ya kanga zote.

"Sasa wewe unataka kuitandika kitandani watu waione," shangazi akasema.

Sikuwa na jibu. Na hapa nataka niwe mkweli kwenu. Sisi tuliosoma tunapenda kusema historia isifichwe, tuitoe nje, tusione aibu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Dar mbele ya kompyuta. Shangazi ameishi katika mtaa ambao watu walipimana ukoo kabla ya kutoa posa. Kuficha kwake hakukuwa ujinga. Kulikuwa pindo lake, kulikozuia viraka vya familia visifumuke. Nilijiona mtu niliyetaka kukata kitambaa cha wenyewe kwa ajili ya makala.

Nikamwambia, "Basi shangazi, iache. Nitaweka satini."

Akanyamaza kitambo. Akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguka. Akarudi na kaniki mkono mmoja na kile kisutu mkono wa pili. Akavitandaza mkekani. Alivitazama kama fundi, si kama mtu mwenye huzuni.

"Kaniki usiiweke pembeni kabisa," akasema. "Pembeni kila mtu anashika, itachanika. Iweke ndani kidogo, ukanda mwembamba. Nje zungusha pindo la kisutu. Na uifue kwanza, kaniki inachuja rangi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maamuzi yenyewe. Hakuna hotuba.

Fundi alipoviona vitambaa hakucheka tena. Aliivuta kaniki taratibu kwenye mwanga, akasema imechoka, haitahimili sindano peke yake, akaipigia bitana kwa nyuma. Tuliilowesha kwenye maji ya chumvi tukaisuuza mpaka maji yakawa karibu meupe. Akakata ukanda wa upana wa vidole vitatu. Tatizo likaja: kaniki ilitosha pande tatu tu. Upande wa nne ikabidi niende Mtaa wa Uhuru kununua kaniki mpya. Mpya ni nyeusi ti, ya zamani imepauka kuelekea buluu, na tofauti inaonekana wazi. Fundi alipendekeza nibadilishe pande zote nne zilingane. Nikakataa. Upande huo wa nne ni wetu sisi tulionunua wenyewe.

Kwilti imekamilika. Katikati kuna kanga za bibi: za jikoni, za msiba, za kubebea watoto. Baadhi ya maneno yamekatika katikati ya sentensi. Kuzunguka zote kuna ukanda mwembamba mweusi ambao mgeni hawezi kuujua, na nje kabisa kuna pindo la kisutu. Wiki iliyopita nilimpelekea shangazi. Hakunipa sifa nyingi. Aliupitisha mkono kwenye ukanda ule wa kaniki, pande zote nne, akaukunja mfarishi (yeye aliuita hivyo bila kufikiri!) akaulaza juu ya lile sanduku. Kisha akanitajia jina la yule bibi wa Pangani. Hilo sitaliandika hapa. Linasomwa katika dua za nyumbani kwetu sasa, na hapo ndipo mahali pake.

Ninachowaomba ni kimoja. Mwisho wa wiki hii ukienda kwa bibi yako, usisome maneno ya kanga yake tu. Muulize na pindo. Na kama kuna kitambaa kisicho na pindo chini ya sanduku, kaa kitako, unywe chai, usiwe na haraka.

Tuonane makala ijayo.